Kusimamisha turubai kwenye mchanga wa Shela

Hema za Mabedui hufumwa kwa manyoya ya mbuzi: juani kitambaa hulegea kikapitisha hewa, mvua ikinyesha nyuzi huvimba zikaziba. Turubai la plastiki halifanyi hivyo. Likishika upepo ni tanga tu, na mchanga wa Shela, ufukweni Lamu, hauzuii kigingi. Kinachozuia ni uzito uliofukiwa.

Kwa turubai la mita 4 kwa 6 tafuta pau mbili za mkoko za mita 2.5, kamba ya mgongo ya mita 15, kamba sita za pembeni na mifuko minane ya sandarusi.

Kaa juu ya mstari wa mwani mkavu ulioachwa na bamvua, maji makuu ya bahari. Wakati wa kusi ubavu mrefu uelekee kusini-mashariki. Kaskazi ikivuma, kaskazini-mashariki. Upande huo wa goshini, unakotoka upepo, ushushe hadi nusu mita kutoka chini. Wa demani, upepo unakoelekea, uache mita moja, hewa ipite.

Chimbia kila pau nusu mita, kipande cha ubao chini yake isizidi kuzama. Kichwani vika kifuu cha nazi, la sivyo ncha itatoboa turubai.

Nanga ndiyo kazi yenyewe, usiiharakishe. Jaza mfuko nusu kwa mchanga mbichi, ufunge kamba katikati, ulaze kwenye shimo la nusu mita ukikingama na mvuto wa kamba. Chimba mfereji mwembamba kamba ipite kwa mshazari. Ikipinda juu ya ukingo wa shimo itaunyanyua mfuko. Fukia, mwagia maji, kanyaga sana. Kamba itoke kwa nyuzi 45; ikisimama wima, nanga hung'oka.

Pete ya pembeni ikichanika, fumbata kijiwe laini ndani ya turubai ukafunge kamba shingoni mwake. Hushika kuliko pete.

Kamba ya kumbi ikilowa hujivuta, ya nailoni hulegea, basi zikague baada ya kila mvua. Pasiwe na bonde juu: maji ya kina cha sentimita 1 kwenye mita moja ya mraba ni kilo 10. Jiko lisiwashwe chini yake.

Kufunga anza goshini. Kufungua anza demani. Ukitangulia kufungua goshini, upepo utaingia chini na kulibeba na pau zake. Kisha lioshe kwa maji baridi yasiyo ya bahari, pete zisiliwe na chumvi, ulikaushe kabla ya kulikunja.