Jinsi ya kumkanda mtu shingo na kiuno bila kumuumiza

Kabla hujamgusa mtu muulize maswali kwanza, na hapa usiwe na haraka kabisa. Ameanguka au kupata ajali? Ana homa? Anakonda bila sababu, au aliwahi kuugua kansa? Mkono au mguu umeanza kukosa nguvu? Halafu kuna swali watu wanaona aibu kuliuliza ila ndo kubwa kuliko yote, mkojo au choo kinamtoka bila kujua, au mkojo umegoma kutoka, au anasikia ganzi sehemu za siri na makalioni, maana hapo inawezekana mishipa ya fahamu imebanwa kule chini ya uti wa mgongo na huyo ni wa kukimbizwa hospitali leo leo, sio wa kukandwa.

Majibu yakiwa hapana, anza na kiuno. Alale kifudifudi, mto mdogo chini ya tumbo ili kiuno kisibonyee, paka mafuta kidogo na mikono yako iwe na joto. Sheria ni moja, unakanda nyama, hukandi mfupa. Ukipapasa katikati utazisikia pingili (za kiuno ziko 5), ziache, kazi yako iko kwenye ile misuli minene inayopita kulia na kushoto kwake. Tumia kiganja kizima, panda taratibu kutoka kiunoni kwenda juu, dakika 5 hivi mpaka nyama zilegee ndo uingize kidole gumba. Ukikuta fundo lishikilie tu bila kusugua, sekunde 30 mpaka 60, yeye anapumua polepole. Maumivu yawe ya kuvumilika, yani kama 4 au 5 kwenye 10, ukiona anakaza mwili au anabana pumzi jua ushazidisha. Makalio usiyaruke, wengi wanayasahau na kumbe misuli yake ikikaza maumivu yanasikika kiunoni. Pale kwenye mbavu za chini figo ziko jirani, usiegemeze uzito wako.

Shingo inataka mkono mwepesi zaidi. Alale chali, wewe kaa upande wa kichwani, weka ncha za vidole pale kisogo kinapokutana na shingo halafu acha kichwa chake kilale juu ya vidole dakika 2 au 3, usisukume chochote. Baada ya hapo bana bana misuli ya juu ya mabega. Mbele na ubavuni mwa shingo usibonyeze, inapita mishipa mikubwa ya damu ya kwenda kwenye ubongo. Na ile ya kuzungusha shingo ghafla mpaka ilie nakuomba usifanye hata akikubembeleza, ni nadra lakini mshipa unaweza kuchanika ndani na mtu akapata kiharusi.

Ukimaliza usimwache alale. Atembee kidogo, avute magoti kifuani, arudishe kidevu nyuma mara 10. Masaji inatuliza tu, mazoezi ndo yanayofanya nafuu idumu, na hata mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2023 kuhusu maumivu sugu ya kiuno umeyataja yote mawili. Akiwa peke yake anaweza kuegemea mpira wa tenisi ukutani, uwe pembeni ya uti wa mgongo. Kesho yake akiamka na uchovu wa misuli ni kawaida, ila maumivu yakianza kushuka mguuni au mkononi acha kukanda, aende kwa mtaalamu wa fiziotherapia.