Bwana akitoka prizo: namna ya kujikinga na VIH (virusi ya sida) mukiwa bawili, mbele ya usiku wa kwanza

Bwana yangu alikamatwa mara mbili. Ya kwanza alilala mu kasho ya polisi siku ine, ya pili alimaliza miezi saba mu prizo juu ya kinini ya tramadol, dawa ya maumivu yenye batu banatumiaka sawa drogi, yenye balimukuta nayo mu mufuko. Siku alitoka hiyo ya pili nilipika bukari na ndakala, bana balivaa nguo ya Noeli, bajirani banaingia banasalimia, shemeji analia, na mu ile furaha yote hakuna mutu alituuliza leo usiku mutalala namna gani. Na siye benyewe hatukuulizana. Kiisha nilibakia na woga miezi tatu, nangoja kupima tena, usiku nahesabu siku. Ile woga njo inanifanya niandike hii, juu naona bamama benzangu hapa Lubumbashi, mu Kongo, mu makomini ya Katuba, ya Kenya, ya Ruashi, banapita mu njia ile ile, banaambiwa tu "mutumie kapoti" (kondomu) kiisha banaachwa peke yabo.

Kama mu nyumba kuko drogi na kuko mambo ya polisi, VIH inapata njia zaidi mu zile siku bintu binavurugika. Siku anakamatwa, dawa inakatika. Siku anatoka, hakuna mutu anajua damu yake iko namna gani. Kwa hiyo mupange mbele, wakati muko bado pamoja na akili imetulia.

Muanze na kuongea, na muchague saa. Usimwambie usiku akiwa amekunywa lutuku (pombe kali ya kwetu) ao amemeza kinini, hatasikia, ao atasikia vibaya. Asubui njo muzuri, bana bameenda masomo. Mi nilisema hivi: "Papa ya bana, siko nakushitaki, nataka tujue damu yetu, yangu na yako, tuende bawili." Aliniuliza kama namuzania malaya. Nikamujibu naanza mimi, nitapima mbele yako. Hapo alinyamaza, kiisha akauliza siku gani. Kule New York, batafiti ba universite ya Columbia bamefanya kazi miaka mingi na banaume benye kutumia drogi na benye kuwa chini ya probesheni (beko inje lakini tribinali inabafuata), banaita bwana na bibi yake, banaketi nabo bote bawili pamoja. Nilipoisikia niliona njo kitu ilitukosekana siye, juu huku kwetu kila mutu anafundishwa peke yake, bibi ku kliniki ya mimba, bwana ku prizo, na wakirudi ku nyumba hakuna mwenye kuanzisha neno.

Lakini mama, kama bwana anapiga, usimulazimishe maongezi. Enda pima peke yako. Uombe PrEP, kinini ya kukinga mwenye hana VIH, peke yako. Kinini ni ya mwili yako, hauombe ruhusa ya mutu.

Kupima: ile tesi ya kidole, tone moja ya damu, inaweza kukosa kuona VIH kama iliingia juzi juzi. Ukitoka mu hatari upime sasa, kiisha urudie nyuma ya miezi tatu, na katikati hapo kapoti kila mara. Sheria yetu ya 14/7/2008 inasema hawakupime kwa nguvu na matokeo ni siri yako, hata kama uko mufungwa. Na ile kifungu yenye ilikuwa inaazibu mutu juu ya kuambukiza iliondolewa mu 2018, nasema hii juu kuko banaume banakataa kupima banaogopa parke (biro ya benye kushitaki batu), banazani karatasi ya tesi itakuwa mashitaka ingine. Kupima siyo kosa.

Sasa matokeo. Kama moja wenu eko na VIH, aanze ARV, dawa ya VIH, siku ile ile kama inawezekana, anywe kila siku. Sharji virali (hesabu ya virusi mu damu) ikishuka mpaka mashine haione virusi, haambukize mwenzake mu kulala pamoja, kabisa. Uchunguzi wa PARTNER kule Ulaya uliangalia batu bengi bawili bawili benye hali hiyo, bwana na bibi na pia banaume kwa banaume, bakatoa majibu 2016 na tena 2019, na hakuna hata moja aliyeambukizwa na mwenzi wake mwenye virusi hazionekane. Lakini kufika pale inaweza kuomba miezi sita, na inafaa karatasi ya maabara iseme, siyo kusikia mwili muzuri. Mbele ya ile karatasi: kapoti, na ule mwenye hana VIH anywe PrEP.

PrEP ni kinini moja kwa siku, kwa mwenye hana VIH. Mu inchi ya Kenya na Uganda walijaribu na bwana na bibi, bawili bawili, 4,747, majibu yakatoka 2012, ikapunguza hatari kwa 75 ku mia, na kwa wenye kunywa bila kukosa ilisaidia zaidi. Mwanamuke anywe siku saba nzima kwanza mbele ya kuitegemea. Ukiwa na mimba inakubaliwa. Uulize ku fasi yenye inatoa ARV, na kama hawana uulize PNLS (programu ya serikali ya sida) bakutume wapi. Tangu Marekani isimamishe misaada mwanzo ya 2025, uulize kwanza kama dawa iko mbele ya kulipa moto (pikipiki), nimeona mama moja akitoka mbali na mutoto mugongoni, akaambiwa arudi juma ijayo. ARV yenyewe haiuzwe. Bakikuomba feza, uulize ni ya nini.

Singano. Mingi nayoona mimi hapa ni kinini, bangi na lutuku, lakini ba singano beko, na bibi wa mutu wa singano njo mutu wa mwisho kujua. VIH inaweza kubakia hai mu seringi mpaka siku 42, inategemea joto. Kwa hiyo seringi mpya kila mara, mu farmasi. Na haitoshe seringi: kijiko, pamba, mayi ya kuchanganyia, vyote ni vyako peke yako, juu damu inapita pale pia. Kama munatumia bawili, kila mutu na yake, uweke alama ya rangi ya kucha, yako nyekundu yake ya bluu. Kuosha seringi na javel (mayi ya kutakatisha nguo) ni kwa siku hakuna njia ingine, inapunguza tu, haitoe hatari yote. Na kwa wale wa kinini na lutuku, hatari yenu ni kusahau, kusahau kapoti, kusahau dawa. Basi dawa munywe asubui, mbele ya kila kitu, pamoja na chai.

Siku ya kukamatwa njo natakaka kukaa sana hapa. Sikuwa na kitu nimeandaa, nilifika ku kasho na mikate tu. Jirani yangu ambaye bwana yake eko na ARV alikuwa na akili kunipita. Mu kopo ya maziwa ya mutoto eko anaweka kinini kumi na ine, karatasi yenye imeandikwa jina ya dawa na saa, kopi ya karte ya hopitali, na numero ya munganga. Kila juma anabadilisha zile kinini ili zisizeeke. Siku balimukamata bwana yake, alichukua ile kopo, hakuanza kutafuta chini ya godoro, akafika mbele ya giza. Alimwambia mukubwa wa kasho: "Papa, hii ni dawa ya kila siku, ikikatika anagonjwa, naomba mumupe, karatasi ya munganga ni hii." Hakusema ni ya nini. Hauna lazima ya kusema. Baliangalia karatasi, balihesabu kinini moja moja ku meza, balimupa.

Fanya hivyo. Mu nyumba mutu wa pili ajue kopo iko wapi, dada ao mama mukwe mwenye anafunga kinywa, juu siku moja wewe njo utakamatwa. Kama ni kinini ya PrEP na anaingia ndani, inafaa zaidi aendelee kuliko kuacha.

Akiwa ndani mu prizo, kila vizite uulize mambo ine kwa sauti ya chini: unakunywa dawa? unakohoa? umetumia wembe ao singano ya tatoo ya mutu? kuko mutu amekugusa kwa nguvu? Ya kukohoa ni juu ya tiberkilozi, ndani kuko batu bengi na hewa kidogo. Bakimuanzisha dawa ya tiberkilozi, aseme anakunywa ARV gani, juu rifampisine, dawa ya tiberkilozi, inashusha nguvu ya dolutegravir, moja ya ARV, na munganga anapashwa kuongeza doze, asubui na mangaribi. Ya mwisho, ya kugusa kwa nguvu, banaume hawaseme. Umuulize bila kumuangalia mu macho, umupe nafasi ya kujibu kwa kichwa. Kama ilipita ndani ya saa 72, PEP, dawa ya VIH ya kunywa nyuma ya hatari, inaweza kuzuia, na saa ya kwanza ni muzuri kuliko ya mwisho, kiisha ni siku 28 za kinini. Ni vile vile kwa mwanamuke aliyefungwa, na ni vile vile kama kapoti ilipasuka ao mulitumia singano moja. Usingoje vizite ya juma ijayo, enda kwa munganga wa prizo ao umuombe avoka (mwanasheria) aseme. Na usimuulize "ulifanya nini mpaka bakafanya hivyo". Hakufanya kitu.

Siku ya kutoka. Mwambie mbele, ku vizite ya mwisho, siyo mulango wa chumba: "tutalala na kapoti mpaka tupime bawili." Mi kapoti sikuwa nazo mu nyumba siku ile, na kwenda kununua usiku na wageni bamejaa, nilisikia haya. Ununue mbele, uweke fasi mutachukua mukiwa mu giza. Apime juma ile ile, nyuma ya miezi tatu apime tena, we pia.

Na kuna kitu ingine inaua haraka kuliko VIH. Mutu ametoka miezi bila tramadol ao heroini, mwili imesahau, anameza ile doze ya zamani mbele ya bakwabo kwa furaha. Wiki mbili za kwanza njo hatari zaidi. Kama atatumia, aanze na kidogo, asiwe peke yake, asichanganye na lutuku ao diazepam (kinini ya usingizi). Ukimukuta anakoroma vibaya, midomo imegeuka rangi, hajibu, ao anatetemeka sawa kifafa, umulaze upande, usimumwagie mayi ao maziwa mu kinywa, uite gari. Naloksoni, dawa ya kupinga ile doze, ikiwa karibu inaweza kurudisha pumzi. Ukae naye.

Kama balimwachia kwa muda na kila juma anaenda kusinya ku parke, mutafute kliniki iwape siku ile ile ya kuchukua dawa na ya kupima. Siye tunafanyaka hivyo, moto ni ya njia moja, na hawezi kusema amesahau.