"Kapigwa vikwazo" kweli? Jinsi ya kuhakiki kabla hujaandika

Kila uchaguzi wenye kelele ukipita ukanda huu, simu yangu hujaa picha za skrini: "Marekani yawapiga vikwazo vigogo kumi, majina haya hapa." Kuhakiki habari kama hizo ndiyo kazi yangu mezani, na kwa uzoefu wangu neno "vikwazo" ni gunia. Ndani yake mna kunyimwa viza, mna kufungiwa mali, na wakati mwingine mna muswada tu ambao hata kura haujapigiwa. Kabla hujauliza ni nani, uliza ni kwa sheria ipi.

Hatua ya 1: Tenganisha muswada na sheria

Mbunge mmoja wa Marekani akiwasilisha muswada, magazeti yetu huandika "Marekani yapitisha". Haijapitisha kitu. Muswada lazima upite Baraza la Wawakilishi na Seneti kwa maneno yaleyale, kisha rais autie saini. Bunge lao hudumu miaka 2, na muswada ambao haujapita hufa nalo. Ingia congress.gov, tovuti ya Bunge la Marekani, andika namba yake inayoanza na H.R. (Baraza la Wawakilishi) au S. (Seneti), uone umefika wapi.

Ikiwa ni sheria tayari, soma kama inamlazimisha rais au inamruhusu. Ile inayoitwa Global Magnitsky, ya Desemba 2016, ya kuwawekea vikwazo mafisadi na wakiukaji wa haki za binadamu popote duniani, inamruhusu tu. Kisha soma inamgusa nani. Sheria ya Zimbabwe ya 2001, maarufu kama ZDERA, husemwa kuwa ndiyo iliyomfungia Mugabe mali zake. Siyo. Yenyewe iliiagiza Marekani kupinga mikopo kwa Zimbabwe kwenye taasisi za fedha za kimataifa. Majina ya watu yaliletwa na amri ya rais ya Machi 2003.

Hatua ya 2: Jua ni aina gani

Hapa ndipo wengi wanapoteleza, kwa hiyo tusikimbie.

Aina ya kwanza ni viza bila majina. Januari 2021 Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani ilitangaza kuwazuilia viza maafisa wa Tanzania iliodai walihusika kuvuruga uchaguzi wa Oktoba 2020. Aprili 2021 ikafanya hivyo kwa Uganda. Hakuna jina lililotolewa, kwa sababu sheria yao ya uhamiaji inazifanya kumbukumbu za viza kuwa siri. Basi akikuletea mtu orodha ya majina ya Januari 2021, muulize kaitoa wapi. Anabahatisha, au anamchafua mtu.

Aina ya pili ni viza kwa jina, chini ya kifungu cha 7031(c) cha sheria ya bajeti ya Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani. Paul Makonda, wakati huo mkuu wa mkoa wa Dar es Salaam, alitajwa hivyo tarehe 31 Januari 2020. Angalia tarehe: uchaguzi ulikuwa bado miezi tisa. Kifungu hicho kinahusu ufisadi mkubwa na ukiukaji mkubwa wa haki za binadamu, na yeye alitajwa kwa haki za binadamu. Ukiandika kwamba aliadhibiwa kwa kuvuruga uchaguzi, umekosea.

Aina ya tatu ndiyo inayouma: kufungiwa mali. Tarehe 21 Machi 2019 Wizara ya Fedha ya Marekani ilimwekea vikwazo Corneille Nangaa, aliyekuwa mwenyekiti wa tume ya uchaguzi ya Kongo, CENI. Msingi ulikuwa amri ya rais ya 2006 kuhusu Kongo, ambayo mwaka 2014 ilipanuliwa kuwagusa wanaodhoofisha taratibu za kidemokrasia. Mali yoyote iliyo Marekani inazuiwa, na Mmarekani haruhusiwi kufanya naye biashara. Na kwa kuwa dola nyingi hupitia benki za Marekani, benki ya Kinshasa au Nairobi nayo huogopa kumgusa. Kampuni ambayo waliozuiwa wanamiliki asilimia 50 au zaidi nayo huhesabiwa imezuiwa, hata kama jina lake halimo kwenye orodha.

Hatua ya 3: Tafuta jina

Fungua sanctionssearch.ofac.treas.gov, ukurasa wa Wizara ya Fedha ya Marekani wa kutafuta waliowekewa vikwazo. Kuna kipimo cha ufanano wa jina. Kishushe hadi 85 hivi, maana majina yetu huandikwa kwa namna nyingi: Mohamed, Muhammad, Mohammed. Kisha usishangilie jina. Linganisha tarehe ya kuzaliwa, mahali alikozaliwa na namba ya pasipoti. Mimi nilikaribia kumchapisha mfanyabiashara asiye na hatia kwa sababu majina yake mawili yalilingana na ya mtu mwingine; mwaka wa kuzaliwa ndio uliotuokoa, dakika chache kabla ya habari kwenda hewani.

Tazama pia alama ya mpango. DRCONGO ni amri ya Kongo, GLOMAG ni Magnitsky. Na kumbuka: waliozuiwa viza tu hawamo humu. Usipomwona Makonda hapa, haina maana kwamba tangazo la 2020 lilikuwa uongo. Hao utawapata kwenye matangazo ya Wizara ya Mambo ya Nje.

Hatua ya 4: Angalia kama bado vipo

Alain-Guillaume Bunyoni, wakati huo waziri wa usalama wa Burundi, aliwekewa vikwazo Novemba 2015. Novemba 2021 Marekani ikaufuta mpango mzima wa Burundi. Zimbabwe ni mtego zaidi: tarehe 4 Machi 2024 mpango wa zamani ulifutwa, na siku hiyohiyo Rais Mnangagwa akawekwa chini ya Magnitsky. Walioandika "vikwazo vimeondolewa" walikuwa na nusu ya habari.

Umoja wa Ulaya na Uingereza wana orodha zao. Usihamishe jina kutoka orodha moja kwenda nyingine kwa kudhani tu.

Hatua ya 5: Andika sentensi inayobeba vitu vinne

Nani ameamua, lini, kwa sheria gani, na kinachozuiwa ni nini. Kwangu mimi sentensi isiyo na vyote vinne hairuki. Kwa Tanzania ya 2021 ingekuwa hivi: "Januari 2021, Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani ilitangaza kuwazuilia viza, chini ya sheria yake ya uhamiaji, maafisa iliodai walivuruga uchaguzi wa 2020. Haikutaja majina."