Umekamatwa kwa DUI Marekani: usikimbilie kukiri ili yaishe

Mwenzetu akikamatwa Marekani kwa kuendesha gari akiwa amelewa, mara nyingi hutoka selo asubuhi akiwa na aibu kubwa na karatasi chache mkononi. Aibu humwambia anyamaze, alipe faini, yaishe kabla watu wa kanisani au msikitini hawajasikia. Karatasi zinasema mengine, nazo ndizo za kusoma kwanza. Kosa hili, ambalo majimbo mengine huliita DUI na mengine DWI, OUI au OWI, huzaa mashauri matatu kwa mpigo: kesi ya jinai mahakamani, shauri la leseni katika idara ya magari ya jimbo, na kwa asiye raia, shauri la uhamiaji. Kila moja lina ofisi yake, sheria zake na tarehe zake. Anayelimaliza moja harakaharaka bila kuyatazama mengine anaweza kuokoa siku mbili za mahakamani akapoteza haki ya kuishi nchini.

Siandiki haya kumfundisha mtu kukwepa wajibu. Mwaka 2022 watu zaidi ya 13,000 walikufa Marekani katika ajali zilizohusisha dereva aliyelewa, na baadhi ya familia zetu zinaujua msiba huo. Lakini kuadhibiwa kwa kosa ulilolifanya ni jambo moja, na kufukuzwa nchini kwa sababu ulitia saini kitu usichokielewa ni jambo lingine kabisa.

Ukiwa bado mikononi mwa polisi

Toa leseni, kadi ya gari na bima, na utaje jina lako la kweli. Zaidi ya hapo, maswali kama umetoka wapi, umekunywa nini na kiasi gani, huna wajibu wa kuyajibu. Hapa malezi yetu hutuponza. Tumefundishwa kwamba mkubwa mwenye sare akiuliza unajibu kwa adabu na kuomba radhi, basi mtu anasema, "Samahani afande, nilikunywa mbili tu." Hizo mbili tu zinaandikwa, na mwendesha mashtaka atazisoma mahakamani. Haki ya kukaa kimya inajulikana tangu kesi ya Miranda ya 1966, ila tangu 2010 Mahakama Kuu ya Marekani imeshikilia kwamba kunyamaza tu hakutoshi: unatakiwa utamke kwamba unaitumia haki hiyo na unataka wakili. Tamka mara moja, kwa heshima, kisha nyamaza kweli.

Usidanganye. Zaidi ya yote, usiseme wewe ni raia wa Marekani kama siye. Uongo huo mmoja unaweza kukufungia njia ya uhamiaji maisha yako yote, madhara ambayo DUI yenyewe mara nyingi haiyaleti.

Kuhusu vipimo, watu huchanganya mambo mawili. Kuna mazoezi ya barabarani: kufuata kalamu kwa macho, kutembea kwenye mstari na kugeuka, kusimama kwa mguu mmoja. Hayo kwa kawaida ni ya hiari. Kisha kuna kipimo rasmi cha pumzi au damu baada ya kukamatwa, na hicho si cha kukataa hivi hivi. Kila jimbo lina sheria inayosema kwamba kwa kuendesha gari kwenye barabara zake umekwisha kukubali kupimwa, hivyo ukikataa leseni husimamishwa, mara nyingi kwa muda mrefu kuliko wa aliyepimwa akazidi. Tangu uamuzi wa Mahakama Kuu wa 2016, jimbo linaweza hata kukushtaki kwa kukataa kipimo cha pumzi. Damu ni tofauti: usipokubali, polisi kwa kawaida huhitaji hati ya hakimu. Kiwango cha kilevi kwenye damu kinachofanya kuendesha kuwe kosa ni asilimia 0.08 karibu kote. Utah ni 0.05, na dereva wa lori au basi akiwa kazini ni 0.04. Aliye chini ya miaka 21 hana nafasi hiyo, kwake hata kiasi kidogo sana ni kosa.

Simu za selo hurekodiwa. Mwambie ndugu yako ulipo, namba yako ya mahabusu na kwamba unahitaji wakili, basi. Usidhani Kiswahili ni ficho, maana wakalimani wapo na rekodi inabaki. Ndugu naye asiende kuyasimulia kwenye kundi la WhatsApp la kuchangisha pesa. Inatosha kusema fulani ana dharura ya kisheria na anahitaji msaada. Ujumbe ukishatumwa kwa watu mia mbili si wako tena.

Ubalozi je? Mkataba wa Vienna wa 1963 unampa kila mgeni aliyekamatwa haki ya kuulizwa kama anataka ubalozi wake ujulishwe. Mkenya au Mganda huamua mwenyewe. Mtanzania yuko kwenye orodha ya nchi ambazo Marekani inalazimika kuzijulisha hata mhusika asipotaka, kwa hiyo usishangae ubalozi wa Washington ukipata habari. Ubalozi hauwezi kukutoa selo wala kuingilia kesi, ila unaweza kukutembelea na kusaidia familia nyumbani ijue uko wapi.

Kabla ya kulipa dhamana

Alama za vidole zinazochukuliwa kituoni huenda FBI, na kutoka huko hufika Idara ya Usalama wa Ndani. Ndiyo maana asiye raia anaweza kuwekewa ombi la ICE, idara ya kukamata na kufukuza wahamiaji, la kumshikilia hadi saa 48 zaidi baada ya muda wake wa kuachiwa. Kama ombi hilo lipo, kulipa dhamana kunaweza kumaanisha kumtoa ndugu yako mahabusu ya kaunti na kumkabidhi ICE. Familia iulize kwanza gerezani kama kuna ombi la namna hiyo, kisha iongee na wakili wa uhamiaji, ndipo pesa zitoke. Ukipitia kampuni ya dhamana, ada yake, ambayo mara nyingi ni asilimia 10 ya dhamana yote, hairudi hata kesi ikifutwa.

Gari lililovutwa hutozwa kila siku linapolala kwenye yadi. Mtume mwenye leseni akalichukue mapema.

Shauri la leseni, ambalo wengi hulisahau

Karatasi uliyopewa na polisi baada ya leseni yako kuchukuliwa mara nyingi ni leseni ya muda na ni taarifa ya kusimamishwa, vyote kwenye ukurasa mmoja. Mtu huikunja akaitia mfukoni, akasubiri tarehe ya mahakama ya mwezi ujao. Kufikia hapo nafasi imeshapita. California inakupa siku 10 tangu kukamatwa kuomba usikilizwaji katika idara ya magari, Texas siku 15, jimbo la Washington siku 7. Usipoomba, leseni inasimamishwa yenyewe, bila kungoja mahakama iamue. Ukiomba, mara nyingi unaendelea kuendesha hadi shauri lisikilizwe, na wakili wako anapata nafasi ya kumhoji polisi mapema. Kwa maoni yangu hiyo ndiyo hatua yenye thamani kubwa kuliko zote katika wiki ya kwanza.

Wiki hiyohiyo kaa chini uandike kila unachokumbuka: ulikula saa ngapi, dawa gani unatumia, polisi alisema nini, ulikuwa na nani. Andika juu yake kwamba ni kwa ajili ya wakili, na usimpe mtu mwingine. Kama mkahawa ulikokuwa una kamera, mwambie wakili aombe picha upesi, kwa sababu hufutwa.

Leseni ikisimamishwa, usiendeshe. Bodi ya rufaa za uhamiaji iliwahi kuamua kwamba DUI ya kawaida si kosa la uovu wa kimaadili, yaani aina ya makosa yanayoweza kumfukuzisha mtu nchini, lakini kulewa na kuendesha huku ukijua huruhusiwi kuendesha kunaweza kuwa kosa hilo, na hapo uzito kwa asiye raia unabadilika.

Wakili wa aina mbili

Huna pesa? Tangu kesi ya Gideon ya 1963 na zilizoifuata, anayekabiliwa na kifungo na asiye na uwezo hupewa wakili na serikali. Mwombe hakimu siku ya kwanza. Mawakili hao wanazijua mahakama zao vizuri, usiwadharau. Na tangu kesi ya Padilla ya 2010, wakili yeyote wa jinai ana wajibu wa kumweleza mteja asiye raia kama kukiri kosa kunaweza kumfukuzisha nchini. Usingoje akumbuke. Mwambie hadhi yako kamili, iwe viza ya mwanafunzi, grini kadi, hifadhi au huna karatasi, na umwombe ashauriane na wakili wa uhamiaji kabla hujajibu shtaka. Yule ndugu anayejazia fomu kila mtu mtaani si wakili, hata awe na moyo mzuri namna gani.

Kama Kiingereza cha mahakama kinakushinda, omba mkalimani wa Kiswahili. Mtoto wako asikutafsirie.

Siku ya kwanza ya kusomewa shtaka, jibu la kawaida ni kukana, hata kama baadaye mtafikia makubaliano. Kukana hapo si uongo, ni kutaka upande wa mashtaka uonyeshe ushahidi wake: kipimo kilihakikiwa lini, video ya polisi inaonyesha nini. Na usikose kufika. Ukikosa, hati ya kukukamata hutolewa siku hiyohiyo.

Sasa lile linalowaumiza wengi. Mwendesha mashtaka anakupa ofa nzuri: kiri leo, hudhuria masomo ya pombe, baada ya mwaka mmoja kesi inafutwa. Kwa mzaliwa wa Marekani huo ni mwisho wa habari. Kwa sheria ya uhamiaji, ukikiri na hakimu akakuwekea adhabu au sharti lolote, umetiwa hatiani, hata jimbo likifuta kila kitu baadaye. Programu ambayo haikudai ukiri ni jambo lingine. Tofauti hiyo haionekani kwenye karatasi ya ofa, na wakili wa uhamiaji huiona kwa dakika kumi.

DUI moja ya kawaida ya pombe, bila majeruhi, mara nyingi haitoshi peke yake kumfukuzisha mwenye grini kadi. Mwaka 2004 Mahakama Kuu iliamua katika kesi ya Leocal kwamba si kosa la matumizi ya nguvu. Hatari huja na vinavyoambatana nayo. Mtoto garini ni kimojawapo: New York, kuwa na mtoto wa miaka 15 au chini hugeuza kesi kuwa kosa kubwa. Kingine ni dawa za kulevya. Bangi, hata katika jimbo linaloiuza dukani, bado ni haramu kwa sheria ya shirikisho, na uhamiaji hufuata sheria hiyo. Miraa nayo, mirungi kwa wengine, ina kathinoni iliyo kwenye daraja la kwanza la dawa zilizopigwa marufuku. Kifurushi kilichosahaulika chini ya kiti kinaweza kukudhuru kuliko pombe yote uliyokunywa.

Mwenye viza ajue kwamba tangu 2015 Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani inaweza kufuta viza kwa sababu ya kukamatwa tu, kabla ya hukumu. Mwaka 2025 wanafunzi wengi wa kigeni walifutiwa viza na rekodi za SEVIS, mfumo wa serikali wa kufuatilia wanafunzi wa kigeni, kwa sababu ya mambo madogo ya zamani kwenye mifumo ya polisi. Mwanafunzi aongee na wakili kwanza, kisha ofisi ya wanafunzi wa kimataifa.

Kazi

Dereva wa lori, kesi yako ni ya mkate. DUI ya kwanza, hata kwenye gari lako binafsi siku ya mapumziko, inakuondolea CDL, leseni ya magari ya kibiashara, kwa mwaka mmoja. Ya pili ni maisha, ingawa jimbo linaweza kukurudishia baada ya miaka 10. Wauguzi na wasaidizi wao wasome masharti ya bodi ya jimbo lao kuhusu kuripoti mashtaka, kwani bodi huadhibu kuficha kuliko kosa lenyewe.

Ikiwa pombe imeanza kukutawala, anza tathmini na matibabu sasa, bila kungoja hakimu aamuru. Hakimu huzingatia, na daktari anayepima waombaji wa grini kadi na viza huuliza juu ya DUI na huangalia kama unywaji umekoma. Zaidi ya kesi, watoto wako wanakuhitaji ukiwa mzima.

Kesi ikiisha, nenda kwa karani uchukue nakala zenye muhuri za shtaka na uamuzi, nakala kadhaa. Fomu ya uraia N-400 inauliza kama umewahi kukamatwa, na jibu ni ndiyo hata kama kesi ilifutwa. Hukumu mbili za DUI ndani ya kipindi kinachoangaliwa, kwa kawaida miaka 5, humfanya mwombaji adhaniwe hana mwenendo mwema hadi athibitishe kinyume, kwa uamuzi wa 2019. Na tiketi ya kwenda nyumbani, hata kwa harusi au maziko, usiinunue kabla wakili wa uhamiaji hajaziona nakala hizo. Kanada pia ni safari: mwenye hukumu ya DUI anaweza kurudishwa mpakani.