Imeili za matangazo zisikuchoshe, weka filta

Wadau, juzi kati nilikuwa nasubiri imeili ya kuitwa intavyuu, nimekuja kuiona siku yenyewe ishapita, imezama huko chini ya matangazo ya viatu na mikopo ambayo wala sijawahi kuomba. Niliumia jamani. Sasa kama unatumia Gmail weka filta, yaani agizo la kuzichuja imeili zenyewe zikiingia, ila kwenye app ya simu hiyo kitu haipo, lazima kompyuta, mi niliingia steshenari moja hapa Dom pale Majengo nikamaliza fasta tu.

Fungua meseji inayokukera, bonyeza vile vidoti vitatu, chagua kuchuja meseji za aina hiyo, anwani ya mtumaji inajijaza yenyewe, unaendelea mbele unaweka tiki kwenye kufuta, halafu usisahau tiki nyingine ya kuhusisha na zile za zamani, hapo ndo utaona zinaondoka kwa mkupuo. Zinakaa kwenye kapu la taka siku 30, kwa hiyo ukikosea unazirudisha.

Ila usichuje kwa neno kama "malipo" (mi nusura nifute za benki), chuja kwa anwani. Kama una wasiwasi usifute, zipe lebo yake na zisipite inboksi, utaziangalia ukiwa na muda.

Matapeli wao filta haiwawezi, kila siku anwani mpya, hao we waripoti kama barua taka (spam), na linki yao ya kujitoa usiiguse.