Una kolaitisi au Crohn na unataka mtoto? Usitupe dawa kwanza

Kolaitisi na Crohn ni magonjwa ya muda mrefu ya utumbo kuvimba na kuwaka ndani, na mimi ni mmoja wa wanaougua. Nianze na ujinga wangu mwenyewe. Siku nimeona mistari miwili kwenye kipimo nilichukua vidonge vyangu vya azathioprini, dawa ya kutuliza kinga ya mwili, nikavifungia kwenye droo, nikajiona mama bora kweli kweli. Wiki ya tisa nilikuwa nalala bafuni juu ya taulo maana safari ya kitandani na kurudi ilikuwa inanimaliza, choo mara kumi na nne kwa siku na damu juu yake. Dokta hata hakunigombeza, aliuliza tu "nani alikwambia uache?" Nikakosa jibu.

Maana jamani, utumbo ukichachamaa ndo hatari yenyewe: mimba kuharibika, mtoto kuja kabla ya wakati, kuzaliwa na uzito mdogo. Dawa nyingi tunazotumia hazina shida hiyo.

Kwa hiyo anza mapema. Ugonjwa uwe umetulia angalau miezi mitatu, sita ni bora zaidi, na uwe umetulia bila kubebwa na prednisoloni, ile dawa ya steroidi. Halafu "najisikia poa" haihesabiki, omba kipimo cha kinyesi cha kalprotektini, kinachoonyesha kama utumbo umevimba, au wakuangalie kwa kamera, mi nilikuwa najisikia poa huku ndani kunawaka moto. Muda huohuo pitieni dawa moja moja na dokta. Methotreksati hiyo haina mjadala, inaachwa angalau miezi mitatu kabla na unabaki kwenye uzazi wa mpango mpaka muda uishe, tofasitinibu nayo inabadilishwa. Kama uko kwenye salfasalazini unahitaji foliki asidi nyingi kuliko wenzio, kawaida miligramu 2 kwa siku, kwa sababu dawa hiyo inazuia mwili kuchukua foliki. Na kama mwenye kolaitisi ni baba, salfasalazini inashusha mbegu zake, akibadilishiwa zinarudi baada ya miezi miwili mitatu hivi, sasa kuna wanawake wanasemwa na mawifi kumbe shida ni kidonge cha mwanaume.

Ukishashika mimba unaendelea: mesalazini, azathioprini, sindano za infliksimabu au adalimumabu, kwa ratiba ileile isipokuwa dokta wako aseme vingine. Kitu kinachochanganya ni vipimo vya damu, ujauzito wenyewe unashusha himoglobini na kupandisha ESR (kipimo cha damu cha kuona uvimbe mwilini) hata kwa mtu mzima wa afya, ndo maana kalprotektini inasaidia zaidi kipindi hiki. Vidonge vya madini ya chuma vinafanya choo kiwe cheusi, usizimie. Damu nyekundu inaweza kuwa bawasiri tu lakini usijipe jibu mwenyewe, piga simu, na ukiona mguu mmoja umevimba na unauma nenda hospitali siku hiyohiyo maana sisi damu kuganda kwenye mishipa kunatupata kirahisi, na mimba inaongezea.

Kujifungua wengi tunajifungua kawaida. Upasuaji unashauriwa zaidi kwa mwenye Crohn iliyochachamaa sehemu ya haja kubwa, na kama ulishaondolewa utumbo mpana ukatengenezewa mfuko wa utumbo ndani, kaa na daktari wa uzazi na wa tumbo kwa pamoja, sio mmoja mmoja kila mtu anasema lake.

Baada ya hapo ndo watu wanajisahau. Usiku unakesha na mtoto, asubuhi hukumbuki kama umekunywa dawa au uliota, mi niliweka kopo la vidonge juu ya nepi. Dawa za maumivu kama diklofenaki na ibuprofeni zinaweza kuamsha utumbo, omba parasetamo. Kunyonyesha nyonyesha, infliksimabu inayofika kwenye maziwa ni kidogo sana, methotreksati ndo hapana.

La mwisho, lishikeni sana. Kama ulichoma infliksimabu au adalimumabu ukiwa mjamzito dawa ilivuka kwa mtoto, hasa miezi mitatu ya mwisho, na inaweza kukaa kwenye damu yake miezi mingi, kwa hiyo BCG, chanjo ya kifua kikuu ambayo ni chanjo hai (ina vijidudu hai vilivyodhoofishwa), inasubiri, mara nyingi mpaka afike miezi 12. Ya rota (ya kuhara) na ya matone ya polio, nazo ni hai, uliza kwanza. Chanjo zisizo hai zote anapata kwa wakati. Shida ni kwamba BCG inachomwa siku za mwanzo kabisa, nesi wa zamu hakujui na wewe umechoka huwezi hata kuongea, kwa hiyo andika kwa makapeni "ASICHOMWE BCG, mama anatumia infliksimabu", bandika juu ya kadi ya kliniki kabla uchungu haujaanza, na mwambie atakayekusindikiza.