Kuunganisha bomba la shaba kwa fitingi za kubana

Fitingi ya kubana haihitaji moto wala risasi ya kuchomelea. Ndiyo maana inafaa mahali ambapo moto ni hatari au haufikiki, kama chini ya mbao za paa kwenye bomba la hita ya sola. Ina vipande vitatu: mwili wenye tredi (mistari ya kusokotea nati), nati, na ringi nyembamba ya shaba. Kinachozuia maji ni ringi. Nati ikikazwa inaisukuma ringi kwenye mdomo wa mwili uliochongwa mteremko, na ringi inabanwa mpaka inauma bomba pande zote. Tredi kazi yake ni kuivuta nati tu. Kwa hiyo tredi tepu (utepe mwembamba wa kuzibia tredi) kwenye tredi za nati haizibi chochote. Inaongeza ugumu wa kukaza, nawe unadhani ringi imeshauma. Tepu ni ya upande mwingine wa fitingi, ule unaoingia kwenye soketi ya kawaida ya nusu inchi.

Kabla ya kununua, pima bomba kwa kalipa (kifaa cha kupima upana wa bomba). Bomba la milimita 15 hupimwa kwa nje, lakini bomba la vipimo vya Kimarekani linaloitwa nusu inchi lina karibu milimita 15.9 kwa nje. Ringi ya 15 haiingii hapo, na kuitanua kwa nguvu ni kuiharibu.

Kata kwa kikata bomba, ukikaza kitasa kidogo kidogo kila baada ya mzunguko. Ukikaza sana mara moja, mdomo unajikunja kwa ndani na bomba linapoteza duara lake. Ukitumia msumeno wa chuma, chagua wenye meno madogo, kata wima, kisha sawazisha kwa tupa. Ondoa makali ya ndani na ya nje. Makali ya nje ni hatari zaidi, kwa kuwa ringi ikipita juu yake inachubuka.

Sasa angalia sentimita tatu za mwisho wa bomba kwenye mwanga. Ukiona mkwaruzo unaokwenda kwa urefu wa bomba, kata upya nyuma yake, maana huo ni mfereji unaopita chini ya ringi. Rangi na risasi ya zamani zitoke zote. Msasa laini unatosha, usugue kwa kuzungusha, si kwa kuvuta mbele na nyuma. Bomba laini linaloviringishwa dukani huwa limebonyea. Lirudishe duara, na ndani ya mdomo tia kipande kifupi cha kulikinga lisibonyee nati inapokazwa.

Vaa nati kwanza, halafu ringi. Sukuma bomba ndani ya mwili mpaka ligote, liwe limenyooka. Bomba likiingia upande, ringi inauma upande mmoja, na hakuna kukaza kutakakorekebisha hilo. Kaza nati kwa mkono hadi igome, kisha chora mstari mmoja kwenye nati na mwili. Shika mwili kwa spana moja na nati kwa nyingine (spana malaya mbili zinafaa). Kwa milimita 15 zungusha takriban mzunguko mmoja, kwa milimita 22 takriban robo tatu. Kama mtengenezaji ametoa kipimo chake, fuata hicho.

Kukaza kupita kiasi ndiyo kosa linalogharimu zaidi. Ringi inalibonyeza bomba na kulitia kiuno, au nati inapasuka. Wanaokaza kwa wasiwasi huharibu kiungo ambacho kingedumu miaka.

Fungua maji polepole, kisha zungushia kiungo karatasi ya tishu kavu. Nayo huonyesha unyevu ambao jicho halioni. Tangi lililo mita 3 juu ya kiungo linatoa shinikizo la bar 0.3 tu, kwa hiyo kiungo kinaweza kuonekana kizima leo na kuvuja siku utakapoweka pampu. Kama upo uwezekano wa pampu, jaribu kwa shinikizo lake tangu sasa. Kikivuja, ongeza moja ya nane ya mzunguko, hadi mara mbili. Bado? Fungua na uangalie ringi. Iliyochubuka ikatwe pamoja na kipande cha bomba, uanze upya.

Usifukie kiungo ndani ya ukuta bila mahali pa kukifikia, na shikilia bomba kwa klipu pande zote mbili ili mtikisiko usiilegeze nati. Ukiunganisha na bomba la chuma lenye zinki, shaba iwe upande wa chini wa mkondo. Maji yakitoka kwenye shaba kwenda kwenye zinki, hubeba shaba kidogo inayoila zinki haraka. Fitingi hizi za maji zisitumike kwenye bomba la gesi ya kiyoyozi.